Tumeacha kuziba, tumebadilisha mabomba ya nyumba nzima (na safari hii hayapo ukutani)

Watu kadhaa wameniuliza ile kazi ya mabomba nyumbani kwa Mama imeendaje, na kila nikimjibu mmoja WhatsApp anatokea mwingine, kwa hiyo naandika yote hapa, ni ndefu, kaa na chai yako.

Nyumba ipo Sinza, ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya themanini kwenye vile viwanja vya mradi vilivyopimwa miaka ya sabini kwa hela za Benki ya Dunia, watu wa Sinza na Kijitonyama wanajua nazungumzia nini. Nyumba za wakati ule mabomba yake ni ya chuma, yale tunayaita GI, chuma kilichopakwa zinki, yamezikwa ukutani na maungio yamefungwa kwa katani na rangi. Na mafundi wale walikuwa wanajua kazi bana, miaka arobaini na kitu bomba linapitisha maji humo ukutani hakuna mtu analiwaza. Ila ile zinki ndo inayoliwa kwanza badala ya chuma, ikishaisha kutu inageukia chuma chenyewe, tena kutoka ndani, nje unaona bomba zima kabisa kumbe ndani limeshakuwa vinundu vitupu.

Kilichoharakisha mambo ni maji yenyewe. Bomba la chuma likikaa limejaa maji muda wote lina nafuu, ila Dar tunajuana, leo yapo kesho hayapo, bomba linajaa linakauka linajaa tena, na kila likikauka hewa inaingia na unyevu umebaki, hapo ndo kutu inapenda. Halafu ukaja ule ukame wa 2022, mto Ruvu unaotuletea maji ukapungua, mgao ukatangazwa mwezi wa kumi, na mtaani kwetu kila mwenye uwezo akachimba kisima au akaunga kwa jirani mwenye kisima. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, ukinywa unaisikia, sabuni haitoi povu. Tukayapandisha kwenye tenki la juu kama wenzetu wote, yakawa yanashuka kwenye mabomba yale yale ya zamani. Chumvi na chuma havikai pamoja hilo halihitaji shule, ndani ya muda mfupi nyumba ikaanza kutoa machozi kila kona.

Dalili zenyewe zilikuwa hivi. Asubuhi ukifungua koki maji ya kwanza yanatoka rangi ya chai ya rangi, yakikimbia kidogo yanang'aa. Mashuka meupe ya Mama yakawa na madoa ya njano. Koki ya jikoni inatoa vizuri ila bafu la nyuma yanadondoka tu, na usifikiri ni tenki limeisha, tenki limejaa. Halafu rangi ya ukuta inavimba, ukiibonyeza kwa kidole plasta inaingia ndani.

Kama unataka kujua nyumba yako inavuja kabla ukuta haujakuonyesha, usiku watu wakishalala jaza tenki la juu, zima pampu, weka alama ya maji yalipofika, halafu asubuhi kabla mtu hajafungua koki yoyote kaangalie. Mita ya maji pia inasaidia, funga kila kitu uangalie kile kigurudumu kidogo kama kinazunguka, sema kwa nyumba zetu za matenki mita itakuonyesha tu mvujo wa kati ya mita na tenki la chini, huku ndani haikujui.

Basi tukawa tunaziba. Fundi anakuja, anatindua pale palipovimba, anakata kipande kilichooza, anaweka kipya na yunioni (kiungo cha kufunga na kufungua) katikati, plasta, rangi, hela yake anaondoka. Inakaa. Halafu panavimba mita moja pembeni. Ukimwita tena anakwambia mwenyewe bila aibu, "Dada, hili bomba nikilikaza hapa linapasuka kule," na ni kweli kabisa, maana ukiweka spana kwenye bomba lililoisha ukuta wake mtikisiko unasafiri mpaka kwenye uzi wa elbo inayofuata, na uzi ndo sehemu nyembamba kuliko zote kwa sababu pale chuma kilishachongwa tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo kila kiraka kinazaa kiraka. Na kuhusu hela yenyewe, mafundi wengi wa kuziba hawakwambii ukweli wa jumla, sio kwamba ni wabaya, wao wameitwa kuziba.

Aliyetufungua macho ni mzee mmoja fundi wa siku nyingi tuliyeletewa na shemeji. Alikata kipande cha nusu inchi kutoka nyuma ya bafu akakigonga kwenye ngazi, ikamwagika kutu kavu kama majani ya chai, halafu akampa Mama kile kipande achungulie kwenye mwanga. Nilichungulia na mimi. Tundu lililobaki hata kalamu haipiti, na halikuwa katikati, limesukumwa pembeni, limejipinda. Nikashangaa hata hayo maji yaliyokuwa yanatoka yalikuwa yanapita wapi. Mzee akasema, "Mama, hapa mnaziba hela. Nyumba hii ivueni mabomba yote."

Mama akauliza swali ambalo kila mwenye nyumba anauliza: kwa hiyo mtanivunjia kuta zote?

Na hapa ndo nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndo watu wengi wanaogopa wanaacha. Jibu ni hapana, huvunji. Mabomba ya zamani unayaacha humo humo ukutani yamekufa, unayakata pande zote mbili, unayaziba, unayasahau. Mabomba mapya yanapita njia mpya. Sisi yamepita juu ya dari kutoka kwenye mnara wa tenki, yanashuka kila chumba chenye maji kwenye kona, nje ya ukuta, yanaonekana, yamebanwa na klampu. Kutindua kulikuwepo ila ni kutoboa tu pa kupita, na vipande vifupi bafuni nyuma ya marumaru ambavyo havikuepukika.

Kaka yangu hakupenda. Yeye anaona bomba linaloonekana ni ushamba, ni nyumba ya kupanga, siku hizi kila kitu kinafichwa. Tulibishana kwenye grupu la familia wee mpaka Mama akatuambia tuhamie inbox. Msimamo wangu ni ule ule na sibadilishi: bomba ni kitu kitakachoharibika siku moja, liwe la chuma la plastiki la dhahabu, na siku hiyo unataka ulione na ulifikie bila nyundo. Kuficha bomba nyuma ya marumaru za bei mbaya ni kujiwekea deni kwa ajili ya wageni ambao wala hawaangalii. Ukipaka bomba rangi ya ukuta baada ya wiki mbili hata wewe mwenyewe hulioni. Tena hoteli kubwa kubwa zina kabati maalumu la kupitishia mabomba lenye mlango, kwa nini, kwa sababu wanajua.

Tulichagua PPR, zile paipu ngumu za plastiki zinazounganishwa kwa kuchomwa na mashine. PVC ya gundi ni rahisi zaidi na kwa maji baridi inafaa, ila gundi inataka fundi mvumilivu asiyefungulia maji kabla haijakauka, na mimi wavumilivu sijawaona wengi. Halafu tulitaka na laini ya maji moto, PVC ya kawaida kwa maji moto ni hapana. PPR haina kutu, haina gundi, maungio yakichomwa vizuri yanakuwa kitu kimoja.

Sasa sikiliza hili la saizi maana limewaponza wengi. Namba iliyoandikwa kwenye PPR ni upana wa nje kwa milimita. Ukibadilisha GI ya nusu inchi ukaweka PPR ya 20 ukidhani ni sawa umejipunja, kwa sababu PPR ukuta wake ni mnene, ile ya 20 ya daraja la presha la PN20 tundu la ndani linabaki kama milimita 13 tu, wakati nusu inchi ya chuma ilipokuwa mpya ilikuwa na 15 na zaidi. Ya 25 inakupa kama 16 na nusu, ya 32 kama 21. Ukiwa na maji ya presha kubwa hutaona tofauti, ila sisi wa matenki ya mnara presha yetu ni urefu tu, kila mita 10 za kwenda juu ndo zinakupa ba moja (ba ni kipimo cha presha). Tenki likiwa mita 4 kutoka chini na shawa ipo mita 2, una mita 2 za kukusukumia maji, yaani robo ya ba haifiki, halafu ukabane na paipu nyembamba na elbo kumi njiani, utaoga kwa kopo mwenye tenki la lita elfu mbili juu ya kichwa. Tulishusha kutoka tenkini kwa 32, tukagawa vyumbani kwa 25, na 20 imeingia tu kile kipande cha mwisho cha kwenda kwenye koki. Fundi kijana wa kwanza alitaka 20 kila mahali, mzee akamwangalia tu.

Kununua tulienda Kariakoo, kule Gerezani. Bei siandiki maana nikiandika leo kesho mtanitukana, ila jua kwamba paipu zenyewe sio kitu, zinazokula hela ni fitingi, yaani viungio, hasa zile zenye uzi wa brasi za kufungia koki. Beba sumaku mfukoni. Brasi haishikwi na sumaku, ukiona imenata hicho ni chuma kimepakwa rangi ya dhahabu, utarudi kwenye kutu ile ile uliyoikimbia tena mahali pabaya zaidi. Muuza duka mmoja alivyoniona na sumaku akacheka akaniletea boksi jingine kutoka nyuma bila hata kuulizwa. Na paipu na fitingi chukua za mtengenezaji mmoja, usichanganye changanye, maana kila kiwanda na plastiki yake.

Kuchoma kwenyewe kunavutia kuangalia. Mashine inapata moto nyuzi 260, fundi anakata paipu kwa mkasi wake, anaifuta vumbi na unyevu, anaweka alama kwa penseli ya mwisho wa kuingia, halafu paipu upande huu na fitingi upande ule vyote vinaingia kwenye moto kwa pamoja. Ya 20 sekunde 5, ya 25 sekunde 7, ya 32 sekunde 8, anachomoa anaziingizanisha moja kwa moja bila kuzungusha, anashikilia, basi. Pale pembeni panatoka mapete mawili madogo ya plastiki yaliyoshikana, ukiyaona yamezunguka sawasawa ujue imeshika. Kosa lipo kwa fundi mwenye haraka anayechoma muda mrefu na kusukuma kwa nguvu, plastiki inayeyukia ndani inaziba tundu, nje pazuri ndani pamebaki kitundu cha sindano, na huwezi kujua mpaka uungue na kiu ya maji. Mzee wetu alikuwa anapuliza kila kiungo kwa mdomo kabla ya kwenda kinachofuata. Nilimuuliza kwa nini, akasema mashine haina macho.

Kule darini kuna mambo mawili. Moja ni joto la mabati, paipu ikipata joto inarefuka na kulegea, kwa hiyo tuliweka klampu karibu karibu, kila kama sentimita 60, la sivyo inajiinamia katikati. La pili ni hewa. Maji ya tenki yanashuka yenyewe, ukipitisha paipu ikapanda kidogo juu ya mbao halafu ikashuka, pale kwenye kilima hewa inajikusanya na maji yanagoma, unabaki unanyonya koki kwa mdomo. Pitisha kwa mteremko mmoja, na pale inapotoka tenkini weka kipaipu cha kupumulia kilichosimama kupita urefu wa tenki, kimeinamishwa kichwa wadudu wasiingie. Na sehemu za nje zinazopigwa na jua zifunike, PPR haipendi jua, inakuwa kavu na kupasuka.

Tuligawa laini mbili kabisa. Maji ya chumvi ya kisima yana tenki lake na laini yake, yanaenda vyooni na koki ya nje ya kufulia na kuoshea gari. Maji ya bomba la mtaa yana tenki lake, jikoni na mabafu. Hazikutani popote, na kwenye laini ya kuingia kutoka mitaani kuna valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma. Kutoka mita mpaka tenki la chini tumelaza ile paipu ya plastiki ya roli, nyeusi yenye mstari wa bluu, kipande kimoja hakina kiungo njiani, imefukiwa nusu mita hivi. Kabla ya mita hatujagusa, huko sio kwetu.

Jambo ambalo nusura lipite na hakuna fundi bomba aliyelitaja, alilitaja fundi umeme aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa: nyumba nyingi za zamani waya wa ethi umefungwa kwenye bomba la maji la chuma. Bomba la chuma lilikuwa linaingia ardhini, kwa hiyo lilikuwa linafanya kazi ya kupeleka umeme uliovuja ardhini. Siku unapokata chuma ukaweka plastiki umekata na ethi, na hakuna taa itakayozimika kukwambia. Halafu nyumba hiyo hiyo ina shawa ya umeme ya kuchemsha maji juu ya kichwa cha mtu aliyelowa. Tulipofuatilia waya wetu tukaukuta kweli umebanwa kwenye bomba nyuma ya mita, umeshaota kijani. Akapiga fimbo ya shaba ardhini, akafunga waya mpya, akapima kwa kifaa chake, ndo bomba likakatwa. Jamani hili msiliruke. Ukitoka hapa umesahau mengine yote sawa ila hili muulize fundi umeme kabla msumeno haujagusa chuma.

Kazi yote ilifanyika huku Mama anaishi humo humo, hiyo ndo raha nyingine ya kuacha mabomba ya zamani mahali pake. Laini mpya zilijengwa taratibu chumba kwa chumba huku ya zamani inaendelea kutoa maji yake ya chai, mpaka kila kitu kikawa tayari ndo ikatengwa siku moja ya kuhamisha. Kabla ya hapo lakini, kupima. Mzee alileta pampu ya mkono yenye geji, akaziba koki zote kwa plagi, akajaza maji akapampu mpaka ba 10. Geji ikashuka kidogo, moyo wangu nao ukashuka, akasema tulia dada plastiki inatanuka, akapampu tena, ikashuka kidogo zaidi, akapampu, halafu ikasimama. Tukaiacha tukaenda kula. Tuliporudi ipo pale pale isipokuwa laini ya bafu la nyuma, kiungo kimoja kilikuwa kinatoa tone, tone moja kila baada ya muda, tena kiungo alichochoma yule kijana wakati mzee kaenda kuswali. Kikakatwa kikachomwa upya. Fundi akikwambia kupima kwa presha hakuna haja mwambie na hela ya mwisho pia haina haja.

Kila chumba kina getivalvu yake, yaani koki ya kufungia laini nzima ya chumba, nimeziandikia kwa maka peni, JIKO, BAFU MAMA, BAFU NYUMA, CHOO CHA NJE. Mama alikuwa haamini faida yake mpaka koki ya sinki ilipoharibika mpira, akafunga JIKO akaendelea kuoga. Zamani koki moja ikiharibika nyumba nzima inafungwa mnarani na mtu anapandishwa ngazi.

Watu wanauliza jumla ilikula kiasi gani. Nitasema hivi, nilikaa nikajumlisha risiti za kuziba na kupaka rangi na kuziba tena za miaka hii ya karibuni zile zilizopatikana kwenye droo, tulikuwa tumeshalipa nusu ya kazi hii na zaidi bila kuwa nayo. Ufundi ulikuwa karibu sawa na vifaa. Usilipe ufundi wote mwanzo, lipa nusu, robo siku ya kupima presha na robo baada ya maji kukaa kwenye laini kama wiki mbili bila tatizo, na mwambieni hivyo siku ya makubaliano sio siku ya kulipa.

Bado mambo mawili. Laini ya maji moto imelazwa mpaka bafu la Mama ila hita yenyewe haijanunuliwa, kaka anataka ya sola mimi nataka ya umeme ndogo, hilo linaendelea inbox. Na banda la nyuma la wapangaji bado lina GI yake, tumelifungia getivalvu peke yake ili likianza visa lisitusumbue. Yale mabomba machache tuliyoyang'oa nje waliyachukua vijana wa chuma chakavu, wakapima kwenye mizani yao ya mkono wakatupa hela ya soda, Mama akawaambia wabebe na kile kipande cha bafuni nikakataa, kipo kwangu, nakionyesha kila anayeniambia atatafuta fundi wa kuziba tu.